Kwa Papa Furaha, Aliyesoma Sakafu ya Ziwa

Kwako Papa Furaha, mwalimu wangu,

Sijui ulipo. Ningejua, barua hii ingekuwa ndani ya bahasha na ungeifungua peke yako. Nimeamua kuiandika wazi, nikitumaini kwamba mtu mmoja wa Kakuma, au mtu aliyewahi kupita Kakuma, ataisoma na kusema, "Huyu mzee mimi namjua." Kwa hiyo wengine wataisoma kabla yako, na hao inabidi niwaeleze sisi ni akina nani. Univumilie nikikukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi.

Siku hizi situlii. Nikikaa naona kiti kinanisukuma, nikitoka nje nakumbuka kitu ndani, nikiingia nasahau nilichofuata. Mama yangu ananiuliza nani ameniwekea miiba kwenye mkeka. Namwambia ni joto la Lodwar. Anacheka, kwa sababu nimezaliwa ndani ya joto hilo.

Tulikutana mwaka 2012. Nilikuwa nimemaliza diploma ya jiolojia, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni iliyotaka kujua kama milingoti ya umeme wa upepo inaweza kusimamishwa ndani ya maji ya Ziwa Turkana, upande wetu wa magharibi. Upepo ulikuwepo, hilo halikuhitaji mtaalamu. Mtoto yeyote wa huku aliyefukuzana na kofia yake anajua. Swali lilikuwa la chini. Milingoti ile mizito itakanyaga nini? Basi tulikuwa tukienda na mashua, tunadidimiza mabomba marefu kwenye sakafu ya ziwa, tunayavuta juu yakiwa yamejaa udongo, tunayapeleka Lodwar kwenye stoo ya mabati. Kila bomba lilipaswa kuzibwa kwa nta pande zote mbili ili udongo usikauke. Nta ikatuishia, nikatumwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi.

Nilielekezwa kwako na mama mmoja muuza vitenge. Ulikuwa nyuma ya kanisa, umeinama juu ya sufuria, unamimina mishumaa.

"Ejok," nikakusalimu.

"Ejok, mama." Ulinijibu hivyo ingawa nilikuwa na miaka ishirini na minne na wewe ulikuwa na mvi.

"Nataka nta. Yote uliyonayo."

"Yote? Na kanisa itawasha nini? Unaenda kufanya nayo nini?"

"Nafunga mabomba ya udongo wa ziwa, usikauke."

Uliweka upawa chini. "Carottes?"

"Hapana mzee, si karoti. Udongo."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mama, udongo yenye inatoka ndani ya bomba, kwetu tunasemaka carotte. Kwa Kifaransa. Miye nilizifunguaka myaka kumi na moja, kule kwa migodi, mbele vita itufukuze." Kisha ukanitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao sokoni. "Nani anakusomea hizo carottes?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Aya," ukasema. "Basi nta nitakupa. Lakini unipeleke nizione."

Hukuuliza utalipwa nini. Ulichoomba ni kuona udongo. Nilikuja kuelewa baadaye mtu anakuwaje akikaa miaka akiyeyusha nta, huku kichwani amebeba kazi ambayo hakuna anayemuuliza.

Kanisa lako lilikuombea kibali cha kutoka kambini kwa wiki mbili, kisha mbili nyingine. Bosi wetu, tuliyemwita Injinia, hakukataa. Alisema almradi usiwe kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa sababu karatasi za kazi huna, na wewe ukasema hutaki orodha, unataka kisu na maji safi. Ndivyo ulivyoingia kwenye ile stoo, ukapasua bomba la kwanza kwa urefu kama mtu anayepasua samaki, ukaufungua udongo nusu mbili, ukauinamia.

Chuoni nilikuwa nimesoma vitabu. Wewe ulinifundisha kusoma kwa kidole gumba. "Bonyeza. Kama inaingia bila kuuliza, andika laini. Kama inakukatalia, andika nguvu." Ulinifundisha kuweka chembe ya udongo kwenye meno ya mbele: ukikwaruza, ni mchanga mwembamba wa mto, ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Mara ya kwanza nilitema, ukanikaripia. "Unatema kitabu?" Ulininusisha tabaka jeusi lililooza na kuniambia mle mna hewa iliyojifungia tangu zamani, na udongo wenye hewa usiuamini. Mstari mweupe wa vigamba vya konokono ulinionyesha kama mzee anayeonyesha kaburi la babu: hapa palikuwa ufukoni, ziwa lilishuka, jua likachoma matope, yakawa magumu, kisha maji yakarudi na kuyafunika.

Mchana mabati yalipolia kwa joto tulitoka nje tukanywa chai ya rangi, ukanisimulia habari za Furaha, mtoto wako. Kwamba yuko darasa la sita. Kwamba anasahihisha Kiswahili chako mbele ya wageni. "Ananiambia, papa, hakuna 'batu', ni 'watu'. Namwambia, weye endelea na watu, miye nitabaki na batu wangu." Nilicheka sana siku hiyo. Nilijua darasa la mtoto wako, nilijua anapenda maharagwe na hapendi uji. Shikilia hilo, Papa Furaha, nitalirudia.

Halafu mto Turkwel ukafurika na kushuka. Ulinishika mkono tukaenda mtoni hapo Lodwar, kwenye matope yaliyokauka juu na kupasukapasuka kama vigae. Ulisema nisimame. Nikasimama, yakanibeba. Ulisema niruke. Nikaruka, yakanibeba. Ukanipa mfuko wa sampuli, ule mzito, niuweke begani. Nilipiga hatua moja na mguu ukazama mpaka gotini, kiatu kikabaki huko chini mpaka leo.

"Umeona?" ukasema huku unanivuta. "Inakubeba mpaka siku haikubebi."

Nilidhani ni mchezo. Wiki hiyo hiyo tukafungua sampuli ya tisa.

Juu palikuwa na tope la kawaida. Chini yake gamba gumu, kijivu, la kina cha mkono mmoja, kidole gumba hakiingii. Injinia alipoliona alifurahi, maana ndilo alilokuwa akilitafuta: mahali pagumu pa kusimamisha jukwaa la kuchorongea, la kutoboa sakafu kwa kina zaidi kabla ya milingoti. Lakini wewe ulikuwa umekwisha fika mwisho wa bomba, na huko mwisho udongo ulikuwa ukimwagika kama maziwa yaliyoganda.

"Hiyo imeharibika wakati wa kuvuta," Injinia akasema. "Ni kawaida. Akiru, andika sampuli ya chini imeharibika."

"Patron, haiharibike," ulisema taratibu. "Iko hivyo. Juu iko nguvu, chini iko potopoto."

"Mzee, wewe umechoronga ziwa gani?"

Ulinitazama mimi. Nami niliandika: imeharibika.

Siku iliyofuata walikuja wageni watatu kutoka makao makuu. Hii ndiyo siku inayonifanya nisitulie. Ulikuwa umepiga magoti juu ya sampuli ya tisa, gumba lako limo ndani, unairudia, kwa sababu hukuwa umekubali. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akaniuliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Injinia alikuwa nyuma yake, akanitolea macho. Ningeweza kusema ni mtaalamu. Ningeweza kusema ni mwalimu wangu. Nilijibu kwa Kiingereza, nikidhani hutaelewa, kwamba wewe ni fundi wa mishumaa tu, umetuletea nta.

Ulielewa. Ulikuwa umewauzia mishumaa watu wa kila nchi. Neno "mishumaa" ulilijua kwa lugha zote. Ulitoa gumba lako kwenye udongo, ukalipangusa kwa kitambaa. Ukasimama, ukachukua gunia la nta, ukaliegemeza ukutani vizuri, ukawainamia wageni kichwa kama mchuuzi aliyemaliza shughuli yake, ukatoka. Ulinisaidia kusema uongo wangu. Ungenikasirikia pale pale pengine leo ningelala.

Jioni hiyo Injinia alisema kibali kisiombwe tena. Nilikusindikiza mpaka stendi ya magari ya Kakuma. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Wewe ukanitangulia.

"Mama Akiru, miye siko na hasira. Kazi ni mpya, mtu anaogopa. Lakini pale ya tisa, miguu ya chuma isisimame. Ukiwa na mashaka, chukua nondo, pigapiga kwa uzito, hesabu. Udongo haidanganyake. Batu ndiyo badanganyaka."

Gari likaondoka. Hukunipungia mkono, na sikustahili.

Mwanzoni mwa 2013 jukwaa lilikuja vipandevipande juu ya malori, kwa barabara ya Kitale. Lori moja lilizama kwenye korongo la Kalemng'orok, likakaa siku mbili, na mimi nikajikuta nikiomba lisitoke. Lilitoka. Jukwaa likaunganishwa ufukoni, likavutwa na mashua mpaka mahali pa sampuli ya tisa, likateremsha miguu yake minne ya chuma. Ikashika. Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia.

Kilichobaki ni kulijaribu: kujaza maji kwenye matangi ya juu, uzito uongezeke, ionekane kama miguu itatulia. Nilikuwa nimebakiwa na siku tatu. Siku ya kwanza nilizunguka ufukoni nikijiambia kwamba Injinia ana shahada mbili. Siku ya pili nilimfuata Ekuwom, msimamizi wa vibarua, mtu mzima wa Todonyang ambaye amekuwa ziwani tangu utoto. Nikamwambia nataka nondo, bomba, kamba na jiwe zito, na asiniulize.

"Siulizi," alisema. "Lakini mimi napiga, wewe mkono yako iko laini."

Tulikwenda na mashua hatua chache tu kutoka kwenye jukwaa. Alinyanyua uzito na kuuachia, mimi nikahesabu. Kwenye tope, nondo ilishuka haraka. Kwenye gamba ikakataa: kumi, ishirini, thelathini, na haijashuka hata shubiri. Ekuwom akatabasamu. "Hii ni mawe, dada." Nilianza kukuona wewe ndiye mwenye makosa, na nisikufiche, nilifarijika. Kisha pigo moja, na nondo ikaondoka. Hatukuipiga tena, ilijiendea yenyewe, kamba ikapita katika viganja vyake ikiunguza, akapiga kelele, ikasimama pale tu kamba ilipoisha.

Tulitazamana. "Imeenda wapi?" aliniuliza.

Nilikwenda kwa Injinia nikiwa bado nimelowa.

"Unataka nisimamishe kazi kwa ajili ya nondo na kamba?"

"Na kwa ajili ya sampuli ya tisa."

"Ya tisa iliharibika. Wewe mwenyewe uliandika."

"Niliandika ulivyoniambia."

"Ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Basi."

Nilirudi kwa Ekuwom. Nilimwomba kesho, matangi yakianza kujazwa, vibarua wote wawe kwenye mashua, si juu ya jukwaa.

"Injinia amesema?"

"Hapana. Nasema mimi."

Alifungua kiganja chake kilichochubuka, akakiangalia. "Sawa. Na hii mkono pia imesema."

Kesho yake Ekuwom aliwaita watu wake wote washuke kwenye mashua, akidai kuna nyavu zimenasa kwenye nanga. Injinia alipoona jukwaa tupu alitukana, akapanda mwenyewe, akawasha pampu kwa mkono wake. Nataka ujue hilo. Hakuwa mtu wa kutuma wengine mahali asipokwenda yeye. Aliamini kweli pale pako imara.

Hakukuwa na kishindo. Nilitarajia kishindo. Mguu mmoja ulishuka kimya kimya, kama mtu aliyekosa ngazi, na jukwaa lote likainama upande huo. Pampu, mapipa, minyororo, vyote vikateleza, na Injinia navyo. Ekuwom alijirusha kabla hata sijajua nimepiga yowe. Alimtoa akiwa hai, bega limevunjika, amemeza maji. Vibarua kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye mashua wakitazama mahali ambapo wangekuwa wamesimama. Mmoja wao akaanza kusali kwa sauti, na wengine wakamfuata.

Nilimtembelea Injinia hospitalini Lodwar siku nne baadaye. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa amelala akitazama dari, uso umemshuka. Aliniambia kampuni inafunga kazi ya ziwani na wanataka ripoti ya kweli, na kwamba ataandika alipewa onyo mara mbili akalipuuza. Kisha akageuza kichwa.

"Yule mzee wa Kakuma. Lazima awemo kwenye ripoti. Jina lake nani?"

Nilifungua mdomo. Papa Furaha, nilifungua mdomo na sikuwa na kitu. Nilimwambia, "Papa Furaha." Akasema, "Hilo ni la mtoto. Yeye anaitwa nani?" Nilisimama pale kitandani kwake nikitafuta, nikakuta kwamba nilikula nawe, nikanywa nawe chai, nikatia udongo mdomoni kwa amri yako, na sikuwahi kukuuliza. Kibali chako nilikishika kwa mkono wangu kwenye kizuizi cha polisi zaidi ya mara moja, nikampa askari, nikakirudisha kwako bila kukisoma. Niliona haya hata mbele ya mtu mwenye bega lililovunjika kwa makosa yake mwenyewe.

Nilipanda gari la Kakuma asubuhi iliyofuata. Nilitembea mpaka nyuma ya kanisa. Sufuria haikuwepo. Nyumbani kwako nilimkuta mama wa Kirundi anaanua nguo, watoto wawili wamemshika sketi.

"Balienda," aliniambia. "Na ndege. Yeye, bibi yake, na mtoto."

"Wapi?"

"Nchi ya baridi. Walisema iko bahari huko, na baridi mingi."

"Jina lake, mama. Jina lake lote."

Alifikiri kwa dhati. "Sisi tulimwita Papa Furaha."

Kanisani ni hivyo hivyo. Yule muuza vitenge ni hivyo hivyo. Ofisini waliniambia kwa upole kwamba majina ya wakimbizi hayatolewi kwa mtu anayekuja tu kuuliza, na nikajua wana haki. Mtu mbaya kwako wangemtofautishaje na mimi? Nilikuwa nimekuwa mbaya kwako.

Tangu hapo ninatembea. Kazi nyingine nimepata, ya kutafuta maji Katilu, karibu na mashamba, na huko nako nafungua udongo na kuubonyeza. Vijana wawili nafanya nao kazi, na jambo la kwanza nililowauliza ni majina yao matatu matatu, wakashangaa. Nasikia kwamba huko kwenye bahari za baridi milingoti ya upepo imesimamishwa majini kwa mamia, na kwamba kabla ya kila mmoja mtu husoma udongo wa chini. Wakati mwingine najiambia wamekupata. Wakati mwingine nakuona umesimama kwenye foleni ya kazi yoyote, mtu anakuuliza unajua kufanya nini, na unaanza kusema, kisha unanikumbuka mimi, unasema: mishumaa. Wazo hilo ndilo linaloninyanyua kitini.

Nilikukana, Papa Furaha, mbele yako, na ulisikia. Onyo lako liliokoa watu kumi na mmoja, na huenda hujui mpaka leo kama ulikuwa na haki. Ulikuwa nayo. Udongo ulikuwa jinsi ulivyosema, juu nguvu, chini potopoto. Nimeirudia karatasi ya sampuli ya tisa kwa mkono wangu, nimefuta neno "imeharibika", nimeandika "laini sana", na nimetia sahihi upya. Injinia ametia yake chini. Juu yetu kuna mstari unaoanza: Sampuli imesomwa na. Mbele ya maneno hayo ni wazi. Ripoti imepelekwa hivyo, na mwenye faili amenikubalia kuujaza mstari huo siku yoyote.

Nisalimie Furaha na mama yake. Mwambie Furaha aniandikie yeye, kwa Kiswahili chake kisafi, jina lako lote, herufi kwa herufi, kama linavyoandikwa kwenu.

Nabaki nikilisubiri,

Mwanafunzi wako,
Akiru,
Lodwar